Hasi mbili kwa Mangi hazizai chanya

Ukipanda daladala za Moshi mwezi Januari, shule zikiwa zimefunguliwa, hukosi kumsikia mzazi akisema, "Wangu hesabu hamna kitu, amenifuata mimi." Huwa nanyamaza. Nafundisha twisheni ya Hisabati, kuanzia darasa la sita hadi kidato cha pili, na wanaoletwa kwangu kama vilaza mara nyingi wana kanuni nyingi kichwani kuliko nilizokuwa nazo mimi umri ule. Shida ni kwamba kanuni hizo zimekatwa miguu.

"MAGAZIJUTO ni foleni, anayetangulia anahudumiwa"

Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kila mtoto analijua hili neno. Sasa mpe 10 − 3 + 2. Wengi watakuandikia 5, tena kwa kujiamini: JU iko mbele ya TO, kwa hiyo 3 na 2 ni 5, 10 toa 5 inabaki 5.

Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, hakuna mkubwa wala mdogo. Unatoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma. Mwambie mtoto huyohuyo kuwa alikuwa na shilingi 10,000, akatumia 3,000, kisha dada yake akampa 2,000. Atakujibu 9,000 kabla hujamaliza kusema.

Kuzidisha na kugawanya nako cheo ni kimoja, ila pale foleni haimwumbui. Chukua 8 × 6 ÷ 3. Akikimbilia kugawanya, 6 kwa 3 ni 2, mara 8 ni 16. Akienda kushoto kulia, 48 kwa 3 ni 16. Kwa hiyo mtoto anaweza kukaa na MAGAZIJUTO yake mbovu miaka na miaka, GA na ZI zikimsitiri, hadi siku anapokutana na alama ya kutoa iliyotangulia ya kujumlisha. Neno lenyewe silifuti, ni zuri kwa kumbukumbu. Nachora duara moja kuzunguka GAZI na jingine kuzunguka herufi nne za mwisho, ambazo zinasomeka JUTO. Jina linawastahili.

"Hasi na hasi ni chanya"

Ni kweli ukizidisha au ukigawanya. Lakini mtoto hukariri sentensi bila masharti yake, kisha −3 − 5 anaipa jibu la 8. Hapo huwa namtuma dukani kwa Mangi, kwa mawazo tu. Unadaiwa 3,000 za sukari. Leo umekopa tena 5,000 za mafuta. Je, Mangi sasa anakudai, au yeye ndiye anakupa 8,000? Darasa zima hucheka, na −8 inaandikwa ubaoni bila mimi kushika chaki.

Mlima nao unafundisha. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na kutoka hapa mjini hadi kule ni kama mita 5,000 za kupanda. Kukiwa na nyuzi 26 stendi, hesabu ni 26 − 32.5, yaani −6.5. Ni makadirio tu, lakini asubuhi mawingu yakifunguka, mtoto anaiona namba hasi imekaa juu ya mlima, nyeupe.

"Kuzidisha hukuza, na 0.35 ni kubwa kuliko 0.5"

Nusu ya nusu kilo ni robo kilo. Umezidisha na mzigo umepungua. Ya pili inatokana na kusoma "thelathini na tano" baada ya nukta. Andika 0.50 chini ya 0.35, ubishi umekwisha.

"n ni ndizi"

Hili naona ni kosa letu walimu. Tunasema 3n ni ndizi tatu na 2p ni parachichi mbili ili somo liwe tamu. Baadaye mtoto anakutana na n², na ndizi kipeo cha pili haijawahi kuuzwa soko la Mbuyuni. Herufi inasimama badala ya namba. Kama n ni bei ya ndizi moja, 3n ni pesa utakazotoa. Ndizi yenyewe iache kapuni.

"Msingi alikuwa mzuri, sekondari amelegea"

Shule za msingi za serikali hufundisha Hisabati kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza inageuka Kiingereza. Aliyekuwa bingwa wa sehemu, asilimia na kigawe kidogo cha shirika anapoteza majina yote kwa mpigo. Kabla hujamwita mvivu, mgeuzie swali lililomshinda liwe Kiswahili. Akilipata, anachohitaji ni daftari la msamiati, si viboko.

Vifaa navyo watu hudhani lazima viwe vya bei. Mkebe wa kawaida wenye bikari, kipimapembe na rula unatosha, na wakati mwingine kamba inatosha zaidi. Kijana mmoja wa Pasua aliniambia nadharia ya Pythagoras, ile ya kwamba kwenye pembetatu mraba vipeo vya pili vya pande mbili fupi vikijumlishwa hutoa kipeo cha pili cha upande mrefu, haimwingii. Najua baba yake ni fundi ujenzi na likizo humsaidia, nikamuuliza wanapataje kona ya msingi yenye pembe mraba.

"Tunapima tatu, nne, halafu ile ya kukatisha iwe tano."

Nikaandika 9 + 16 = 25. Akakaa kimya, akichezea kalamu.

"Mwalimu, lakini baba akijenga nyumba kubwa anapima sita, nane, kumi."

Nikampa chaki. Akaandika 36, akaandika 64, akageuka kuniangalia kabla ya kujumlisha.