Tumbili hubeba virusi, mbona haugui?

Mama muuza samaki pale Dunga, Kisumu, alinijia ameshika mkono wa mwanawe. Tumbili alikuwa amemnyang'anya mtoto mandazi na kumwachia mikwaruzo mitatu. "Daktari, si hawa ndio walituletea Ukimwi?"

Sio hao. Virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani, VVU-1, asili yake ni sokwe wa kusini mwa Kamerun. VVU-2, aina nyingine, vilitoka kwa mangabe, kima wa Afrika Magharibi. Tumbili wetu wana virusi vyao, SIV, jamaa wa VVU, na hatujui mtu yeyote aliyepata Ukimwi kutoka kwao. Nilichomhimiza mama ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa na pepopunda.

Lakini swali lake lina utamu. Tumbili wengi wa porini hubeba SIV, damu imejaa virusi, na bado wanaruka matawini, wanazaa, wanazeeka. Makaki, kima wa Asia ambao kiasili hawana SIV, wakiambukizwa maabara seli zao za CD4, yaani seli za kinga ambazo virusi huzishambulia, hupungua na wanaugua ugonjwa unaofanana na Ukimwi wetu.

Tofauti haiko kwenye wingi wa virusi. Siku za mwanzo kinga ya wote wawili hupiga kamsa. Kwa tumbili kamsa hiyo hunyamaza baada ya wiki chache. Kwa makaki haikomi: ukuta wa utumbo unaharibika, bakteria wanapenya kwenye damu, na kinga inazidi kuchochewa usiku na mchana hadi ichoke. Binadamu asiyetumia dawa hupitia njia hiyo hiyo. Tumbili ana ujanja mwingine pia: seli zake nyingi za CD4 zinapokomaa huivua hiyo CD4, protini ya juu ya seli ambayo ndiyo mlango wa virusi, ila kazi zao zinaendelea. Kwangu mimi hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika fani hii.

Utafiti wa makaki umetufikia hapa hapa. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwadunga makaki tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, kila siku kwa wiki 4, wengine wakianza kabla ya kuambukizwa SIV, wengine saa 24 baadaye. Hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa. Baadaye dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanandoa ambao mmoja wao ana VVU, katika vituo vya Kenya na Uganda, Kisumu kikiwamo. Matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa tenofovir peke yake ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na ikichanganywa na dawa nyingine, emtrisitabini, asilimia 75. Tembe ya PrEP, ya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, unayopewa kliniki ilipita njia hiyo.

Si kila kitu hufaulu hivyo. Chanjo moja ya VVU iliyowakinga makaki vizuri ilijaribiwa kwa watu, na mwaka 2007 jaribio likasimamishwa kwa sababu haikumkinga mtu. Virusi mseto, vya SIV na VVU, walivyopewa makaki wale vilikuwa rahisi mno kudhibitiwa. Ndiyo maana siku hizi chanjo nyingi hupimwa kwanza kwa aina za SIV zilizo ngumu zaidi kudhibiti.