Siyo kila mkojo wa shida ni tezi dume

Juzi nimeletewa mzee mwingine, miaka 68, bahasha ya kaki imejaa vipimo. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, iko kawaida, ultrasaundi inasema tezi imevimba kidogo, tamsulosini, dawa ya tezi, anakula mwaka wa pili sasa na bado anaamka usiku mara tano. Jamani, tezi kuvimba kidogo kwenye umri huo ni kama mvi, wengi wanayo!

Nikamuuliza, mzee, ukishakojoa huwa unafanyaje? Akamtazama mwanae. Nikamwomba kijana atupishe kidogo, ndo mzee akagusa uvimbe wake wa kwenye pumbu akasema taratibu, "Nikiukandamiza huu mshipa, mkojo unakuja tena." Yaani anakojoa mara mbili, ya pili kwa mkono. Miaka miwili hakuna aliyemuuliza na yeye anaona aibu kusema.

Hiyo ni ngiri ya kibofu. Kilichopenya kinena siyo utumbo, ni kibofu chenyewe, kipande chake kimeshuka mpaka kwenye pumbu, kwa hiyo kikijikaza mkojo mwingine unatoka na mwingine unakimbilia kule chini. Mkojo ukituama huko unaleta UTI, mawe, na mirija ya figo ikivutwa figo nazo zinaumia. Siyo nyingi, ni kama asilimia 1 hadi 4 ya ngiri za kinena, zaidi kwa wanaume waliopita 50 na wenye uzito mkubwa.

Na huku Pwani kila uvimbe wa pale unaitwa busha. Busha halipungui ukitoka chooni, hii inapungua. Tafadhali msichome sindano "kutoa maji" kabla hamjajua mnachoma nini.

Sasa kinachonichosha ni hili swali la "daktari, ni tezi au ni ngiri?" kama vile lazima moja ishinde. Tezi ikibana njia, mtu anasukuma miaka na miaka, presha ndani ya kibofu inapanda, ukuta unalegea, na pale kinena kilipo dhaifu panaachia, kwa hiyo tezi yenyewe inaweza kuwa ndo imeisaidia ngiri kushuka. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili, na vidonge vya tezi havirudishi kibofu juu. Dawa ya ngiri hii ni upasuaji, tunarudisha kibofu mahali pake tunaweka neti ya kuimarisha pale palipoachia. Ila nianze na ipi? Vitabu vinaandika kwa uhakika, mimi bado nasita. Kuna mzee nilimfanyia ngiri peke yake, siku ya tatu akarudi mkojo umeziba kabisa, nikamwekea katheta, ule mpira wa kutoa mkojo, huku moyo unaniuma, maana tezi nilikuwa nimeiona nikaidharau. Na mwingine ngiri yake sikujua ina kibofu mpaka nimeshafungua, pale mkasi ukiteleza kidogo tu umetoboa kibofu.

Ultrasaundi nayo, ukimpima mtu amelala na ametoka kukojoa, kibofu kinaweza kuwa kimerudi juu, ripoti inaandikwa safi. Mimi namtaka mkojo umejaa, asimame, akohoe, tupime mpaka kwenye pumbu, halafu aende chooni arudi tupime tena. Kwa hiyo ukija kwangu na shida hii, usipite chooni kwanza.