Utemaji wa maganda uliovurugika katika bastola: maana yake na chanzo chake

Utemaji wa maganda ni hatua ambayo bastola inayojipakia yenyewe hulitupa nje ganda tupu mara tu baada ya risasi kufyatuliwa, ili chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayoshika risasi, ipokee risasi inayofuata. Bastola iliyo sawa hutupa maganda yake upande uleule, mara nyingi kulia na nyuma kidogo, nayo huangukia eneo moja. Utemaji huitwa umevurugika pale ambapo ganda moja linaruka mbali, la pili linadondoka miguuni, na la tatu linampiga mpigaji kwenye paji la uso, ilhali risasi zimetoka katika boksi moja na mkono ni uleule. Hapa Tabora malalamiko ya namna hii husikika zaidi kutoka kwa wamiliki waliobadilisha spea, na ninaamini sababu yake inaeleweka vizuri mtu akifuata safari ya ganda lenyewe.

Shinikizo la baruti linapoisukuma risasi mbele, hulisukuma ganda nyuma kwa wakati mmoja. Katika bastola nyingi za milimita 9, mtutu na slaidi, yaani kile kipande cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na mbele, hurudi pamoja umbali mfupi sana, kisha mtutu hushuka na kubaki, na slaidi huendelea kurudi peke yake. Ndani ya slaidi kuna kulabu ndogo ya chuma iliyouma mfereji wa kitako cha ganda. Kulabu hiyo hulivuta ganda kutoka chemba mpaka upande wa pili wa kitako ugonge kigongeo, yaani kile kipande kilichosimama bila kusogea kwenye fremu, yaani mwili wa chini wa bastola. Ganda, likiwa limeshikwa upande mmoja na kugongwa upande mwingine, huzunguka na kutoka kupitia dirisha la slaidi. Baada ya hapo springi ya kurudishia huisukuma slaidi mbele, ikipakia risasi mpya.

Kwa hiyo mahali ganda linapoangukia huamuliwa na mambo matatu yanayokwenda pamoja: mwendo wa slaidi, uimara wa mshiko wa kulabu, na mahali kigongeo kinapogusa. Kiwanda huyapatanisha hayo kwa ajili ya risasi za nguvu ya kawaida. Mmiliki anapoweka springi ngumu zaidi, slaidi hurudi polepole na maganda huanguka karibu. Akiweka iliyo laini, slaidi hurudi kwa kishindo, maganda hurushwa mbali na fremu huumia. Slaidi iliyochongwa matundu ili iwe nyepesi huongeza mwendo, na darubini iliyofungwa juu yake huongeza uzito na kuupunguza. Kifaa cha kutuliza mruko kinachofungwa mdomoni mwa mtutu nacho hupunguza nguvu inayoirudisha slaidi. Ni kama kufunga cheni mpya ya baiskeli kwenye spoketi iliyolika: kila kimoja kinaweza kuwa kizima, lakini havielewani.

Ila tofauti moja inafaa ishikwe. Mwendo wa slaidi ukibadilika, kwa kawaida maganda yote huhamia mahali papya kwa pamoja, karibu zaidi au mbali zaidi. Yakitawanyika ovyo, hasa yakija usoni, mshukiwa wangu wa kwanza ni kulabu, kwa sababu kulabu isiyoshika sawasawa huliachia ganda mapema safari hii na kuchelewa safari nyingine. Kulabu ya kununua, isiyo ya kiwanda kilichotengeneza bastola, ikiwa na ncha iliyokatwa vibaya, au springi yake ikiwa dhaifu, haitatulia. Katika miezi ya kiangazi, vumbi la huku likichanganyika na masizi na mafuta yaliyozidi hugeuka tope jeusi gumu chini ya ncha hiyo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Ndiyo maana usafi hutangulia lawama juu ya spea.

Hata watengenezaji wenyewe wamekutana na ugumu huu. Mwaka 2011 Glock ilijitolea kuwabadilishia wamiliki springi za kurudishia za baadhi ya bastola za kizazi chake cha nne, jambo linaloonyesha jinsi kipande kimoja kinavyoweza kuathiri mwenendo mzima wa silaha.

Uchunguzi huanza kwa kutoa magazini, kuvuta slaidi na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Kisha rudisha spea zote za kiwandani na upige kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, kwa risasi za kiwanda kimoja na kwa mkono ulioshika imara, kwani kiwiko na kifundo vikilegea slaidi hupoteza nguvu. Utemaji ukitulia, rudisha spea za kununua moja baada ya nyingine, ukiandika kila mara maganda yameangukia wapi. Anayebadilisha mbili kwa pamoja hatajua ipi ina kosa. Ukiwa haujatulia hata kwa spea za kiwandani, tatizo liko kwenye uchakavu au kwenye risasi. Kuchonga kulabu au kupinda kigongeo nyumbani kwa tupa sikubaliani nako kabisa: kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni, naye apelekewe bastola pamoja na spea zilizotolewa, maganda kadhaa yaliyotemwa na maandishi yale, kwa kuwa alama ya kulabu kwenye ukingo wa kitako humwonyesha ganda lilishikwa vipi.