Fizi Zinazotoka Damu na Sukari Isiyoshuka

Miongoni mwa wagonjwa ninaowahudumia hapa Lamu, wapo wengi walioacha kupiga mswaki upande mmoja wa kinywa kwa sababu upande huo hutoka damu. Nia yao ni kuuhurumia ufizi, lakini wanauzidishia maradhi. Ufizi wenye afya hautoki damu kwa kupigwa mswaki. Unaotoka damu umekwisha kuvimba, na mara nyingi kilichouvimbisha ni ukoga ulioachwa pale jino linapokutana na nyama. Mwaka 1965, nchini Denmark, mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na uvimbe, na waliporudia usafi, fizi zao zikapona kwa muda wa wiki moja hivi.

Ukoga ukikaa, hufyonza madini ya mate na kuwa mgumu, na hapo mswaki hauuwezi tena mpaka ukwanguliwe na mtaalamu. Usipoondolewa, ufizi huachana na jino, pakafanyika mfuko wenye kina cha milimita 4 au zaidi ambamo bakteria hustawi, huku mfupa unaolishikilia jino ukiliwa polepole. Kwa kuwa haya yote hutokea bila maumivu makali, mgonjwa huja jino likiwa limeshalegea, na mfupa uliokwisha kupotea haujirudii wenyewe.

Ninaowahofia zaidi ni wenye kisukari. Sukari ikiwa juu, kinga ya mwili hudhoofika na vidonda huchelewa kupona, hivyo fizi huharibika upesi. Nazo fizi zilizovimba humwaga katika damu kemikali zinazoizuia insulini, homoni inayoshusha sukari, isifanye kazi yake barabara, na sukari ikazidi kupanda. Tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi vizuri, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu, hushuka kwa takriban pointi 0.4 za asilimia. Kwa mtu anayemeza dawa kila siku bila kuona nafuu, hilo si jambo dogo, na ndiyo maana namwomba kila mwenye sukari amweleze daktari wake hali ya kinywa chake, hata asipoulizwa.

Kuhusu moyo nasema kwa tahadhari. Maradhi ya fizi na ya mishipa ya moyo huonekana pamoja mara nyingi, ila haijathibitishwa kuwa ya kwanza ndiyo yanayosababisha ya pili. Lililo wazi ni kwamba mtu ambaye valvu (vilango) za moyo wake ziliharibika utotoni anaweza kupata maambukizi hatari ya moyo kutokana na bakteria wa kinywani.

Mswaki wa mti tuliourithi ni chombo kizuri, mradi ncha itafunwe mpaka ilainike na ifikishwe kwenye magego na upande wa ndani, ambako wengi hawafiki. Katika Ramadhani, wale wanaouepuka baada ya adhuhuri, kama tulivyozoea sisi wa madhehebu ya Shafi, wasafishe kwa makini baada ya daku na tena kabla ya kulala. Katikati ya meno hupitishwa uzi, kwani mswaki haupenyi humo. Uraibu wa kutafuna, kama tambuu, wenye tumbaku huifanya nyama ya ufizi irudi nyuma, na sigara huibana mishipa ya damu hata mgonjwa asione damu, akadhani yu mzima.

Wako pia wanaoogopa kukwanguliwa, wakisema meno hulegea baadaye. Ukoga mgumu ndio uliokuwa umejaza mapengo na kuyashikamanisha meno yaliyokwisha kupoteza mfupa. Ukiondolewa, hali iliyokuwapo tangu zamani huonekana. Meno yanaweza kusisimka kwa maji baridi kwa siku kadhaa, kisha ufizi hukaza. Mwenye kisukari ambaye fizi zake ziliwahi kuharibika arudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu mifuko ile hujaa tena.