Busara si huruma, wala si kukaa kimya

Dhana: Busara na akili ni kitu kimoja.
Akili hukupa jibu. Busara hukuonyesha jibu hilo lisemwe lini, na nani, mbele ya nani. Mweka hazina wa kikao cha harusi Moshi anajumlisha michango, anaona shilingi 200,000 hazipo: hiyo ni akili. Kumfuata aliyekusanya, wakapitia daftari wawili mstari kwa mstari kabla jina halijatajwa kikaoni, hiyo ndiyo busara. Neno lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuona. Hekima ni jirani yake, ila mzizi wake ni mmoja na wa hakimu na hukumu. "Hekima ni Uhuru", kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiigeuza "Busara ni Uhuru" inapoteza uzito wake.

Dhana: "Tumia busara" maana yake "nisamehe".
Hapa ndipo neno linapoumizwa zaidi. Daladala imejaza kupita kiasi, inasimamishwa karibu na Kilombero, Arusha, na konda anashuka mbio: "Afande, tumia busara." Anachoomba ni huruma, na huruma ina maneno yake: "naomba unihurumie", "nisamehe". Askari akiwashusha waliozidi na kuandika faini, huenda ndiyo busara yenyewe.

Ukiliandika neno hili kwenye barua ya mtaa, taja kinachopaswa kupimwa: "Tunaomba mtumie busara katika kupanga saa za kufunga barabara, kwani asubuhi wanafunzi hupita hapo." Bila hicho, msomaji anaona unabembeleza tu.

Dhana: Mwenye busara hanyamazi bure, basi kunyamaza ni busara.
Kuna ukimya wa busara na ukimya wa woga. Wa kwanza una muda wake, kisha mtu husema.

Dhana: Ni neno la wazee.
"Binti mwenye busara" ni Kiswahili safi kabisa.

Dhana: Ukikosoa, "huna busara" na "si busara" ni sawa.
"Si busara kumpigia usiku huu" hulaumu tendo. "Huna busara" humvunjia mtu heshima, na kwa mkubwa ni tusi. Kwa mkubwa, laini zaidi ni hii: "Mzee, nadhani ingekuwa busara tusubiri hadi kesho."