Haraka ya saa, si ukali wa dawa: insulini za kutenda haraka

Mtu mwenye kisukari akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ataanza insulini ya kutenda haraka, mara nyingi husikia "haraka" akaelewa "kali". Sivyo. Uniti moja (kipimo cha dozi) ya insulini hii hushusha sukari ya damu sawa na uniti moja ya insulini ya kawaida, ile ya zamani. Kinachobadilika ni saa tu: inaanza mapema, inafika kileleni mapema, na inakwisha mapema.

Ili kuona kwa nini saa ina uzito huo, fikiria kongosho lenye afya, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, linavyofanya kazi. Chakula kinapoingia tu, linamwaga insulini moja kwa moja kwenye mshipa uendao kwenye ini. Sindano haiwezi kufanya hivyo. Inaiacha dawa kwenye mafuta chini ya ngozi, na kutoka hapo dawa lazima ijitafutie njia ya kuingia kwenye damu, huku chakula kikiwa hakimsubiri mtu.

Kinachoichelewesha ni umbo lake. Insulini ni protini yenye asidi amino 51 (vipande vinavyojenga protini), na ndani ya kichupa molekuli zake hushikana sitasita kuzunguka madini ya zinki. Furushi hilo ni kubwa mno kupenya kuta za mishipa midogo ya damu, kwa hiyo lazima lifumuke kwanza, molekuli zibaki mbilimbili, kisha mojamoja. Ndiyo sababu insulini ya kawaida hudungwa kama nusu saa kabla ya kula, hufika kileleni baada ya saa 2 hadi 4, na huweza kuendelea kushusha sukari hata saa 8, wakati mlo umeshapita zamani. Mtu anapanda sukari baada ya kula, halafu anashuka kabla ya mlo unaofuata. Waliowahi kuishi hivyo wanajua uchovu wake.

Suluhisho lilikuwa kuigusa molekuli yenyewe kidogo ili isishikamane kwa nguvu. Katika insulini iitwayo lispro (jina la kibiashara Humalog), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, asidi amino mbili za jirani zilibadilishana nafasi, basi. Katika aspati (NovoRapid, ambayo Marekani huitwa NovoLog) moja ilitolewa ikawekwa nyingine. Glulisini (Apidra) ilibadilishwa sehemu mbili na kuwekwa kwenye kichupa bila zinki.

Je, ipi ni bora kati ya hizo tatu? Kwa watu wengi, tofauti ni ndogo sana. Zote huanza kufanya kazi ndani ya dakika 10 hadi 20, hufika kileleni kati ya saa 1 na 2, na hukwisha baada ya saa 3 hadi 5. Uchaguzi huamuliwa zaidi na ile inayopatikana, kalamu au pampu unayotumia, na gharama. Lakini usibadilishe mwenyewe bila kuongea na daktari wako.

Halafu zipo za haraka zaidi. Fiasp ni aspati ileile iliyoongezewa vitamini B3 ili iingie kwenye damu upesi. Lyumjev ni lispro iliyoongezewa sitrati (aina ya chumvi) na kiasi kidogo cha dawa inayotanua mishipa mahali ulipodunga. Faida yake hupimwa kwa dakika, lakini dakika hizo zina maana: zote mbili zinaweza kudungwa mlo unapoanza, au hata ndani ya dakika 20 baada ya kuanza. Mzazi wa mtoto ambaye huwezi kujua atamaliza sahani au ataiacha ataelewa mara moja. Ipo pia Afrezza, unga wa kuvuta kwa mdomo hadi mapafuni, unaoingia na kutoka upesi kuliko zote, ila haufai kabisa kwa mwenye pumu au ugonjwa sugu wa mapafu.

Hata hivyo, haraka zaidi si nzuri kwa kila mtu. Mwenye kisukari cha muda mrefu ambaye tumbo lake limekuwa zito kusukuma chakula anaweza kukuta insulini imefika damuni kabla ya chakula, sukari ikaporomoka. Mlo wenye mafuta mengi nao huchelewa. Haraka ya dawa inapaswa kulingana na haraka ya chakula.

Naamini pia kwamba mahali unapodunga huleta tofauti kubwa kuliko jina la kwenye kalamu. Tumboni dawa huingia upesi kuliko pajani. Ukidunga kila siku palepale, panaota uvimbe wa mafuta, na humo dawa huingia ovyo: leo kidogo, kesho nyingi. Badilisha mahali. Na sukari ikiwa bado juu saa moja baada ya sindano, usikimbilie kuongeza nyingine, kwani ile ya kwanza bado inafanya kazi. Ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita (milimoli 3.9 kwa lita), kula au kunywa gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, pima tena.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko yote. Zamani watu walifundishwa kwamba insulini nyeupe kama maziwa ni ya polepole na iliyo angavu kama maji ni ya haraka. Kanuni hiyo haitoshi tena: glajini, ambayo ni ya muda mrefu, nayo ni angavu. Aliyezoea kudunga uniti nyingi za muda mrefu usiku akishika kalamu ya haraka kwa makosa, yuko hatarini ndani ya dakika chache. Soma jina kwenye kalamu kila mara, na ikitokea umekosea, anza kula wanga, pima sukari mara kwa mara, piga simu kuomba msaada wa daktari papo hapo, na usilale.