Ta'ban: amechoka au anaumwa?

Mama wa Kimisri akikwambia "ana ta'bana" ("ana" kwa Kiarabu ni "mimi"), bado hujajua kama amechoka au anaumwa. Katika Kiarabu cha mitaani, neno hilo hubeba yote mawili. Sisi Waswahili tulilichukua neno lenyewe, ta'ab, likawa taabu, na maana yake ikahamia kwenye shida na dhiki. Uchovu tukabaki nao kwa jina letu. Kazi yangu hapa Maskati ni kupima dalili za wagonjwa wa saratani, na hakuna neno lililonisumbua kama hili.

Uchovu wa saratani si ule wa mtu aliyelima kutwa, akalala, akaamka mzima. Mgonjwa hulala usiku kucha akaamka hajiwezi. Unaletwa na ugonjwa wenyewe, na kemo (dawa za saratani), na mionzi, na upungufu wa damu, na maumivu, na huzuni, mara nyingi kadhaa kwa pamoja. Hakuna mashine ya kuupima. Hapana budi kumuuliza mwenyewe, na ukimuuliza, maneno yako ndiyo mizani yako.

Dodoso moja linalotumika sana ni Brief Fatigue Inventory, lililotungwa katika kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, na kuchapishwa mwaka 1999 na Tito Mendoza na wenzake. Lina maswali 9, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Matatu huuliza ukali: uchovu ulionao sasa hivi, ule wa kawaida katika saa 24 zilizopita, na ule uliozidi kuliko wote katika saa hizo. Sita yanayobaki huuliza umekuzuia kiasi gani: shughuli kwa jumla, hali ya moyo, kutembea, kazi (za nyumbani zikiwemo), kuhusiana na watu, kufurahia maisha. Wastani wa yote ndiyo alama ya mgonjwa. Uchovu uliozidi ukipewa 7 au zaidi, huhesabiwa kuwa mkali.

Kulitafsiri dodoso kama hili kwa Kiarabu kuna utaratibu wake. Unatafsiri, mtu mwingine asiyeliona dodoso la asili anarudisha tafsiri kwenye Kiingereza, mnalinganisha, kisha mnakaa na wagonjwa na kuwauliza walichokielewa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipigania kuliko zote, na ndiyo watu wanayoikimbia kwa sababu inakula muda. Neno ta'ab litakwenda na kurudi likiwa salama kabisa. Mtafsiri msomi ataliandika "uchovu" bila kusita. Mgonjwa ndiye atakayekuonyesha tundu lilipo.

Kuna mengine yasiyoonekana mezani. Kiarabu humsemesha mwanamume na mwanamke kwa vitenzi tofauti, na fomu nyingi huandikwa kwa mwanamume. Mwenye saratani ya matiti anasoma swali ambalo, kisarufi, anaulizwa mumewe. Tarakimu nazo: 5 ya Mashariki huandikwa kama duara, ٥, na Mmorocco aliyezoea tarakimu za Kizungu anaweza kuiona sifuri. Na wapo wanaojibu kila swali kwa alhamdulillahi. Hawafichi kitu, kwao kulalamika mbele ya mgeni ni utovu wa shukrani. Kwa watu hao mimi husubiri kidogo, nikauliza tena polepole.

Watafiti wakishamaliza hutuonyesha namba ya kitakwimu iitwayo alfa ya Cronbach. Ikipita 0.70 wanaridhika. Lakini alfa husema tu kwamba majibu yanakwenda pamoja. Mashahidi tisa wanaweza kukubaliana na wote wakawa wamekosea. Ndiyo maana nataka kuona alama zikilinganishwa na kitu cha nje, kama vile kipimo cha ECOG cha jinsi mgonjwa anavyojimudu, ambacho 0 ni mtu anayejimudu kama zamani na 4 ni asiyetoka kitandani. Hata hapo kuna mtego: anayeumwa sana huwa pia amechoka sana, kwa hiyo dodoso linalopima ugonjwa badala ya uchovu litafaulu mtihani huo vizuri tu.

Namkumbuka mama mmoja, Mmisri, tuliyekuwa tukijaribu naye rasimu yenye neno ta'ab peke yake. Alijibu 2, 3, 2, mpaka mwisho, majibu yamenyooka. Nikamwomba anieleze. "Daktari kasema uvimbe umepungua, binti yangu, kwa hiyo ta'ab imepungua." Nikamuuliza kuhusu nyumbani. Akasema tangu mwezi uliopita hajakanda unga. Mikono inamwishia nguvu kabla unga haujashikana, na mwanawe ndiye anayempikia. Nikarudia maswali yote, safari hii nikiweka irhaq, yaani uchovu wa kuishiwa nguvu, kando ya ta'ab, kama vile dodoso la Kiingereza linavyopanga maneno matatu kueleza uchovu.

Kwenye swali la kazi akasema 9.